Sheria Hulifuata Yai: Haki na Wajibu wa Mfugaji Mdogo wa Igalula

Mfugaji mwenye kuku kumi au ishirini uani, pale Igalula wilayani Uyui, akitaka kuuza mayai atapata ushauri wa kila namna. Jirani mmoja atamwambia hahitaji ruhusa ya mtu, kuku ni wake. Wa pili atamwonya kwamba asipokuwa na leseni atasumbuliwa gulioni. Wa tatu atasema mayai hayatoki kijijini bila kibali cha mifugo. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba kila mmoja ana sehemu ya ukweli, maana kila mmoja anazungumzia hatua yake katika safari ya yai.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Tanzania haina sheria moja ya mayai. Ina sheria kadhaa, na zinaingia kwa zamu kadiri yai linavyosogea mbali na kiota: kutoka mlangoni kwa mfugaji kwenda gulioni, kutoka gulioni kwenda kwenye sufuria ya mchuuzi wa kituo cha reli, na kutoka hapo kwenda Tabora mjini. Mkono wa dola unazidi kuwa mzito kila hatua. Wajibu mmoja tu haubadiliki popote, nao ni kutomuuzia mtu chakula kitakachomdhuru. Mfugaji akiuelewa mpangilio huo, hatapoteza fedha kwa kulipa asichodaiwa, wala hatavunja sheria kwa kutojua.

Tumbaku ina bodi, yai halina

Watu wa Igalula si wageni wa masharti ya kuuza mazao. Wanaishi katika mkoa wa tumbaku na asali. Mkulima wa tumbaku anaijua Bodi ya Tumbaku, inayosimamia zao hilo chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2001. Anasajiliwa, analima kwa mkataba, jani lake linapangwa kwa madaraja na mteuzi, na mauzo yanafanyika kupitia chama cha msingi. Mfuga nyuki naye ana Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya 2002. Hata katika mifugo, maziwa yana sheria yake, Na. 8 ya 2004, na bodi yake. Nyama ina sheria Na. 10 ya 2006, nayo ina bodi.

Yai limebaki bila mwenyewe. Ugonjwa wa kuku unashughulikiwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi kupitia Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Usalama wa yai kama chakula uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pamoja na maofisa afya wa halmashauri. Leseni na ushuru wa soko viko kwa halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Uyui makao yake makuu ni Isikizya. Kodi ya mapato iko kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Udanganyifu kwa mnunuzi uko kwa Tume ya Ushindani. Ofisi tano kwa kitu kinachoenea kiganjani ni nyingi, na ndiyo maana majirani watatu wanaweza kutoa majibu matatu.

Serikali yenyewe ililiona tatizo hili. Mwaka 2018 ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ikakiri kwamba mamlaka nyingi zinaingiliana na tozo zinajirudia. Moja ya matokeo yake lilikuja mwaka 2019, pale usimamizi wa usalama wa chakula ulipoondolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na kupelekwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo mfugaji anayeambiwa leo kwamba mayai yake yakakaguliwe TFDA anaelekezwa kwenye ofisi ambayo haina kazi hiyo tena.

Hatua ya kwanza: mlangoni

Mauzo mengi ya mayai ya kienyeji hayafiki sokoni. Mtoto wa jirani anatumwa na sarafu, anarudi na mayai mawili. Hapa ndipo sheria ilipo nyepesi kuliko mahali pengine. Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972 inamhusu anayeendesha biashara: mwenye duka, mwenye genge la kudumu, mnunuzi anayepita nyumba hadi nyumba kukusanya mayai ili akayauze kwa faida. Anayepunguza ziada ya kuku wake mwenyewe hajafika huko. Anayekusanya mayai ya kijiji kizima ameshakuwa mfanyabiashara, na anatakiwa amwone ofisa biashara wa halmashauri.

Kodi ya mapato nayo inatisha kwa jina kuliko kwa hesabu. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya makadirio. Tuifanye hesabu hiyo kwa mayai. Tuseme yai moja la kienyeji linauzwa Sh 400. Ili kufikisha milioni 4, mfugaji auze mayai 10,000 kwa mwaka, yaani trei moja ya mayai 30 karibu kila siku. Kuku wa kienyeji anayetaga kisha akaatamia na kulea vifaranga hutoa mayai kama 50 kwa mwaka. Mayai 10,000 yanahitaji majike wapatao 200. Mwenye majike ishirini hufikia moja ya kumi tu ya kiwango hicho. Aangalie jambo moja tu: kinachohesabiwa ni mauzo ya biashara zake zote, kwa hiyo mwenye genge la vitunguu na mafuta asihesabu mayai peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani pia haimgusi, kwa kuwa mayai mabichi yamo katika vyakula vilivyosamehewa.

Wajibu unaobaki mlangoni ni ule wa chakula salama, na huu hauna kiwango cha chini. Sheria za chakula na Sheria ya Afya ya Jamii Na. 1 ya 2009 hazimruhusu mtu kuuza chakula kilichoharibika, awe anauza yai moja au lori zima. Kwa kuku wa kienyeji hatari iko mahali pamoja panapojulikana na kila mfugaji. Jike huachiwa yai moja kiotani ili asihame na kwenda kutaga vichakani. Yai hilo hukaa wiki kadhaa kwenye joto, pengine chini ya kuku aliyekwisha kuanza kuatamia, na kwa macho halitofautiani na lililotagwa asubuhi. Siku ya haraka linachukuliwa pamoja na mengine, na mnunuzi anapasua yai viza.

Dawa yake ni ya bure. Yai la kuachwa kiotani litiwe alama ya mkaa, ili lisichanganyike kamwe na ya kuuza. Mengine yaokotwe kila siku. Jioni, gizani, kila yai limulikwe kwa tochi ndogo iliyobanwa kwenye gamba lake: yai zuri linang'aa sawasawa, na upande wa butu kuna nafasi ndogo ya hewa. Nafasi hiyo ikiwa kubwa, yai ni la zamani. Ikionekana mishipa myekundu kama mizizi, yai limeanza kufanya kifaranga. Lenye ufa lisiuzwe, kwa kuwa vijidudu vimeshapata mlango. Lenye kinyesi lifutwe kwa kitambaa kikavu, lisioshwe kwa maji, maana gamba lina utando wa asili unaolinda vitundu vyake, na maji huuondoa.

Hatua ya pili: gulioni

Mfugaji akibeba kapu lake hadi gulio anaingia kwenye eneo la halmashauri. Chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na ile ya fedha za serikali za mitaa, halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo na kutoza ushuru wa soko. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo zake, lakini hazina nguvu mpaka zipitishwe na halmashauri ya wilaya.

Hapa historia ya mahali inatusaidia kupima haki. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza nchi hii ya Wanyamwezi kupitia Tura, Rubuga na Kigwa hadi Kazeh, ambako leo ni Tabora. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh kwa njia hiyo Novemba 1857. Vijiji vya njiani viliwauzia wapagazi nafaka na kuku, vikalipwa nguo za merikani na kaniki pamoja na shanga. Misafara ilitozwa hongo na machifu, hasa katika Ugogo, na kiasi chake kilitegemea nguvu ya chifu na subira ya kiongozi wa msafara. Mpitaji hakuwa na kitabu cha kuuliza kiwango.

Anayeuza leo anacho. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekewa nguvu na sheria ya namna hiyo. Ushuru wa gulioni basi ni lazima uwe na sheria ndogo nyuma yake, kiwango kinachojulikana, na risiti. Mtoza ushuru halali wa halmashauri hutoa risiti kwenye mashine. Anayetaka fedha mkononi bila risiti hajatimiza masharti hayo, na muuzaji ana haki ya kuuliza kwa adabu: kiwango hiki kimewekwa na sheria ndogo ipi, na naomba risiti yangu. Akijibiwa kwa vitisho, amwone mtendaji wa kata. Na ikiwa ushuru ni halali, alipe, kwa kuwa ndio unaofagia gulio na kuchimba choo chake.

Kwa wachuuzi wa chini kabisa kumekuwa na njia nyingine. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Baadaye vikaja vitambulisho vya kidijitali chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Mwenye kapu la mayai kila wiki apige hesabu kama kitambulisho kinamfaa kuliko kulipa ushuru wa siku kwa siku. Anayeuza mara moja kwa mwezi huenda asione faida yake.

Gulioni pia ndiko kunakozuka kishawishi cha kuchanganya. Yai la kienyeji lina bei kubwa kuliko la kuku wa kisasa, na mchuuzi anaweza kuyaweka pamoja akayaita yote ya kienyeji. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu aina na asili ya bidhaa. Kwa mfugaji mwaminifu katazo hili ni kinga, kwa sababu linalinda bei yake.

Hatua ya tatu: kituoni

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Igalula ikawa kituo, na treni ikafanya kazi ya msafara: ilileta wateja wenye njaa mahali pamoja. Yai linalopitishwa dirishani likiwa limechemshwa, na chumvi na pilipili kwenye kipande cha karatasi, si tena yai la mfugaji machoni pa sheria. Limekuwa chakula kilichopikwa, na aliyelipika amekuwa mama lishe au baba lishe.

Mabadiliko hayo yana maana. Anayepika na kuuza chakula anatakiwa awe amepimwa afya, na ofisa afya ana mamlaka ya kukagua vyombo, maji na mikono yake. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Yai bichi linakwenda kupikwa na mnunuzi mwenyewe, na moto wake utaua vijidudu. Yai lililomenywa na kushikwa kwa vidole linaliwa hapohapo, na msafiri akiumwa tumbo atakuwa ameshapita kituo cha Malongwe, hana wa kumlalamikia. Muuzaji asiyetaka kukosea auze yai likiwa na gamba lake, mteja amenye mwenyewe. Chumvi aifunge mapema, na mayai yaliyobaki jioni asiyarudishe sokoni kesho yake.

Hatua ya nne: barabara ya Tabora

Trei tano zikifungwa nyuma ya bodaboda kuelekea mjini, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama inaamka. Kanuni zake za mwaka 2007 zinadhibiti usafirishaji wa wanyama na mazao yao, na kibali hutolewa na mtaalamu wa mifugo wa mahali mzigo unapotoka. Lengo lake ni kujua kama huko unakotoka kuna ugonjwa. Trei chafu ikitoka kwenye banda lenye ugonjwa wa mdondo na kuingia banda jingine hubeba virusi bila kuonekana. Kwa hiyo anayepanga kupeleka mzigo mjini aanze na ofisa mifugo wa kata kabla ya kumwita bodaboda.

Jinsi dola inavyolichukulia suala la ugonjwa ilionekana mwishoni mwa Oktoba 2017, pale Namanga. Vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali vilichomwa moto kwa amri ya mamlaka za mifugo, kwa msingi wa katazo la kuingiza kuku lililotokana na hofu ya mafua ya ndege. Wengi waliumia kuona viumbe hai vinateketezwa, na waliuliza kwa haki kama hakukuwa na njia nyingine. Lakini tukio lile linaonyesha kwamba katika sheria zote zinazoligusa yai, hii ya magonjwa ndiyo yenye makali.

Makali hayo yanaambatana na wajibu wa mfugaji. Kuku wakianza kufa kwa mkupuo, shingo zimepinda na kinyesi ni cha kijani, sheria inamtaka atoe taarifa kwa mtaalamu wa mifugo au kiongozi wa kijiji. Kuwahi kuuza mayai na kuku waliobaki kabla hawajafa ni kuuhamishia msiba kwa mwingine. Na msiba huo unazuilika. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto na kutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haizuii mayai kuliwa wala kuuzwa. Wakala huo una kituo Tabora. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo, kuku wakiwemo. Mfugaji wa Igalula ana haki ya kumuuliza ofisa mifugo wake zamu ya kata yake ni lini.

Dawa za tiba ni jambo jingine. Antibiotiki inayonyweshwa kuku hupita hadi ndani ya yai. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mabaki ya dawa hizo kwenye mayai ya wafugaji wadogo wa Manispaa ya Morogoro. Kila dawa ya kuku huwa na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti. Katika siku hizo mayai hayaliwi wala hayauzwi. Hakuna mkaguzi atakayekuja uani kuhesabu siku hizo. Anayezihesabu ni mfugaji mwenyewe, kwa dhamiri yake.

Kipimo gani ni cha haki?

Nchi nyingine humtambua mfugaji mdogo kwa idadi ya kuku. Katika Umoja wa Ulaya, mwenye kuku wa mayai wasiozidi 50 anaweza kusamehewa kugonga muhuri kwenye kila yai akiuza kwenye soko la karibu, mradi jina na anwani yake vionekane anapouzia. Marekani, kanuni ya usalama wa mayai ya mwaka 2009 haiwahusu wenye kuku chini ya 3,000. Tanzania imechagua kupima kwa shilingi za mauzo, na kwa upande wa kodi kipimo hicho kinamlinda mnyonge vizuri.

Kasoro inabaki upande wa vibali. Shilingi milioni 4 zinamwondolea mtu kodi, lakini hazimwambii kama trei moja anayompelekea dada yake Tabora inahitaji karatasi sawa na trei mia tano za mfanyabiashara. Naona busara iko katika kuweka kiwango kimoja cha wazi kwa mzigo mdogo ndani ya mkoa, kisichohitaji kibali isipokuwa pale ugonjwa unapotangazwa. Mtaalamu wa mifugo atapata nafasi ya kushughulika na mizigo yenye hatari ya kweli, na mfugaji hatakuwa windo la kila anayesimamisha bodaboda.

Kuna jambo ambalo halihitaji kusubiri Bunge. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi, na kazi ya kuzitafsiri inaendelea. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ofisa mifugo, ofisa afya na ofisa biashara wa Uyui wangeweza kukaa siku moja na kuandika ukurasa mmoja: mlangoni huhitaji hiki, gulioni ushuru ni kiasi hiki kwa sheria ndogo hii, ukichemsha pima afya mahali hapa, ukisafirisha anza kwa mtu huyu. Ukurasa huo usomwe kwenye mkutano, ubandikwe ofisi ya mtendaji wa kata, na kila kiwango kikibadilika ubadilishwe. Wananchi nao wauombe kwa maandishi kupitia diwani wao, kwa sababu kujua unachodaiwa ni haki kabla hakijawa wajibu.